Ifahamu Jamii ya Marekani: Tunu za Taifa na Mchanganyiko wa Tamaduni

Marekani ni miongoni mwa mataifa yenye mchanganyiko mkubwa wa watu duniani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 331,449,281. Kati yao, asilimia 57.8 walijitambulisha kuwa Weupe wasio na asili ya nchi zinazozungumza Kihispania, asilimia 18.7 walikuwa na asili ya nchi hizo, asilimia 12.4 walikuwa Weusi na asilimia 6 walikuwa na asili ya Asia. Zaidi ya watu milioni 33 walijiandikisha kuwa na asili mbili au zaidi.

Tangu mwaka 1782 ngao ya taifa hilo imebeba maneno ya Kilatini yenye maana kwamba kutoka kwa wengi kimepatikana kitu kimoja. Historia ya Marekani inaweza kusomwa kama mvutano wa muda mrefu kuhusu maneno hayo: wengi hao ni akina nani, na ni kwa masharti gani wanahesabiwa kuwa sehemu ya hicho kitu kimoja. Makala hii inaeleza chimbuko la mchanganyiko huo, tunu zinazowaunganisha Wamarekani, mahali ambapo utekelezaji umepungukiwa na tunu, pamoja na mambo yanayopaswa kuzingatiwa na wananchi wanaokusudia kwenda huko kwa masomo, kazi au makazi.

Chimbuko la mchanganyiko

Kabla ya kufika kwa Wazungu, ardhi ambayo leo ni Marekani ilikaliwa na mamia ya mataifa ya wenyeji asilia, kila moja likiwa na lugha, utawala na desturi zake. Vita, maradhi yaliyoletwa na wageni na kuhamishwa kwa nguvu kulipunguza sana idadi yao. Hata hivyo, hawakutoweka. Hivi sasa Serikali ya Shirikisho inayatambua makabila zaidi ya 570, ambayo yana mamlaka ya kujiendeshea baadhi ya mambo, zikiwemo mahakama na polisi wao. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba wenyeji hao, waliokuwepo kabla ya taifa lenyewe, walipewa uraia wote kwa pamoja mwaka 1924 tu.

Kundi la pili lilifikishwa kwa lazima. Mwaka 1619 Waafrika wapatao ishirini waliteremshwa katika koloni la Virginia, na inakadiriwa kwamba hadi biashara hiyo ilipokoma, Waafrika karibu 390,000 walikuwa wamepelekwa moja kwa moja katika ardhi ya Amerika Kaskazini. Kutokana na uzazi, na kwa kuwa mtoto wa mtumwa naye alihesabiwa kuwa mtumwa, idadi ya watumwa ilikaribia milioni 4 ilipofika mwaka 1860. Kazi yao katika mashamba ya tumbaku, mpunga na pamba ilikuwa nguzo ya uchumi wa majimbo ya kusini, na pamba hiyo ndiyo iliyolisha viwanda vya kaskazini.

Kundi la tatu ni wahamiaji. Waingereza, Waholanzi na Wajerumani walitangulia. Waayalandi wakafuata kwa wingi baada ya njaa ya miaka ya 1840. Kisha Waitaliano, Wapoland na Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kituo cha Ellis Island katika bandari ya New York, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1892 hadi 1954, kilipokea wahamiaji wapatao milioni 12. Kwa upande wa Bahari ya Pasifiki, Wachina na Wajapani waliingia kupitia California, na kuanzia mwaka 1910 wengi walizuiliwa na kuhojiwa katika kituo cha Angel Island.

Lipo pia kundi ambalo halikuhama. Baada ya vita kati ya Marekani na Meksiko kumalizika mwaka 1848, mpaka ulisogezwa na maelfu ya Wameksiko wakajikuta ndani ya nchi nyingine wakiwa katika nyumba zao zilezile. Ndiyo maana majina ya Kihispania kama Los Angeles, San Antonio na Santa Fe ni ya kale katika nchi hiyo kuliko Kiingereza cha wakazi wake wa leo.

Sheria na mlango wa nchi

Mchanganyiko wa Marekani haukutokea wenyewe. Kwa kiasi kikubwa umeumbwa na sheria. Sheria ya kwanza ya uraia, ya mwaka 1790, iliruhusu wahamiaji huru Weupe pekee kuomba uraia. Mwaka 1870, baada ya kukomeshwa kwa utumwa, fursa hiyo iliongezwa kwa watu wenye asili ya Afrika. Wachina walifungiwa mlango kwa sheria ya mwaka 1882, iliyofutwa mwaka 1943. Mwaka 1924 Bunge liliweka viwango kwa kila taifa, vilivyowapendelea watu wa kaskazini na magharibi mwa Ulaya na kuwazuia karibu Waasia wote. Kigezo cha rangi katika kuomba uraia kiliondolewa kabisa mwaka 1952.

Badiliko kubwa lilikuja tarehe 3 Oktoba, 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini, chini ya Sanamu ya Uhuru jijini New York, sheria iliyofuta viwango vya asili ya taifa. Kuanzia hapo vigezo vikuu vikawa undugu wa familia na ujuzi wa kazi. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 1970 watu waliozaliwa nje ya nchi walikuwa asilimia 4.7 ya wakazi; ilipofika mwaka 2022 walikuwa asilimia 13.9, kiwango kinachokaribia kile cha asilimia 14.8 kilichofikiwa mwaka 1890. Waliozaliwa barani Afrika, ambao mwaka 1970 hawakufikia 100,000, leo ni zaidi ya milioni 2.

Sheria nyingine yenye umuhimu kwa Waafrika ni ile ya mwaka 1990, iliyoanzisha utaratibu unaojulikana nchini kama bahati nasibu ya viza. Lengo lake lilikuwa kutoa nafasi hadi 55,000 kwa mwaka kwa raia wa nchi ambazo hazikuwa na wahamiaji wengi Marekani. Kama ilivyo kwa sera nyingine za uhamiaji, utaratibu huo umekuwa ukibishaniwa kila utawala unapobadilika.

Uhuru na usawa

Wamarekani hawaunganishwi na kabila, dini wala ukoo mmoja. Kinachowaunganisha, kwa maelezo yao wenyewe, ni imani katika misingi iliyoandikwa. Azimio la Uhuru la tarehe 4 Julai, 1776 lilitamka kwamba binadamu wote wameumbwa sawa na wana haki zisizoweza kuondolewa, zikiwemo uhai na uhuru. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 na marekebisho yake kumi ya kwanza, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yaliweka mipaka ya mamlaka ya Serikali juu ya mtu.

Uhuru unaozungumzwa hapo ni, kwanza kabisa, uhuru wa raia dhidi ya kuingiliwa na dola. Ndiyo maana mijadala mingi ya Marekani kuhusu silaha, bima ya afya, elimu au kodi hurejea katika swali moja: Je, Serikali ina mamlaka ya kufanya hivyo? Mgeni asiyefahamu jambo hili anaweza kudhani kwamba Wamarekani wanaipinga serikali yao muda wote, ilhali wanaendeleza hoja iliyoanza kabla taifa halijaundwa.

Usawa nao una maana mahususi. Kwa kawaida Wamarekani hukusudia usawa wa fursa na usawa mbele ya sheria, si lazima usawa wa kipato. Katika maisha ya kila siku usawa huo huonekana katika mazungumzo: mfanyakazi humwita mkuu wake kwa jina la kwanza, mwanafunzi humpinga profesa kwa hoja, na mtoto huruhusiwa kumjibu mtu mzima. Hakuna salamu inayotofautisha umri kama ilivyo shikamoo. Hilo lisichukuliwe kuwa ukosefu wa adabu; heshima huoneshwa kwa njia nyingine, zikiwemo kutunza muda wa miadi, kungoja zamu katika foleni na kutouliza mambo ya faragha kama mshahara, umri au sababu za kutokuwa na watoto.

Mtu binafsi, kazi na kujitolea

Tunu ya tatu ni kumthamini mtu binafsi. Katika Kiswahili neno ubinafsi hubeba lawama, na pengine ndiyo sababu tunu hii hueleweka vibaya. Kwa Wamarekani, mtu anatarajiwa kujiamulia mambo yake, kubeba matokeo ya uamuzi wake na kujitegemea mapema. Vijana wengi huondoka nyumbani wanapofikisha umri wa miaka 18 au baada ya masomo, na wazee wengi hupenda kuishi peke yao ilimradi wana nguvu. Hata hivyo, si kila familia iko hivyo. Miongoni mwa familia nyingi zenye asili ya Asia, Afrika na nchi za Amerika ya Kusini, vizazi viwili au vitatu huishi chini ya paa moja, na mshahara wa mmoja husomesha wengi.

Kazi huchukuliwa kuwa kipimo cha thamani ya mtu, na swali la kwanza wanapokutana watu wasiojuana huwa ni kuhusu shughuli anayofanya mwenzake. Upande wa pili wa tunu hii ni kinga ndogo kwa mfanyakazi. Sheria ya Shirikisho haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kutoa likizo ya mwaka yenye malipo, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28. Katika majimbo karibu yote mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, mradi sababu hiyo isiwe iliyokatazwa na sheria.

Pamoja na hayo, jamii hiyo ina desturi imara ya kujitolea. Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyeitembelea nchi hiyo mwaka 1831, alieleza jinsi Wamarekani walivyokuwa wepesi kuunda vyama vya hiari kwa kila jambo. Desturi hiyo ingalipo. Zaidi ya nusu ya wazimamoto wa Marekani ni watu wa kujitolea, na shule, hospitali, maktaba na vituo vya chakula hutegemea michango ya wananchi. Mpango wa vijana wa kujitolea wa Peace Corps, ulioanzishwa mwaka 1961, ulizihesabu Ghana na Tanganyika kuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana hao.

Dini na dhamiri

Katiba inakataza kumpima mgombea wa wadhifa wa umma kwa dini yake, na Marekebisho ya Kwanza yanakataza Bunge kuanzisha dini ya taifa au kuzuia ibada. Chini ya ulinzi huo madhehebu ya kila aina yamestawi, kuanzia makanisa ya Kiprotestanti na Kanisa Katoliki hadi masinagogi, misikiti na mahekalu ya Wahindu, Wabudha na Masingasinga.

Kesi mbili zilizohusu watoto wa shule zinaonesha uzito wa msingi huo. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuisalimu bendera kwa sababu ya imani yao wangeweza kulazimishwa. Miaka mitatu baadaye, nchi ikiwa vitani na hisia za uzalendo zikiwa juu, Mahakama hiyohiyo ilitengua uamuzi wake na kusema kwamba hakuna ofisa wa ngazi yoyote mwenye mamlaka ya kumlazimisha raia kukiri jambo asiloliamini. Uamuzi huo wa mwaka 1943 bado unatumika, na mwanafunzi wa shule ya umma hawezi kuadhibiwa kwa kutosimama au kutotamka kiapo cha bendera.

Sheria ilitangulia, lakini mazoea yalichelewa. Ilimchukua Mkatoliki wa kwanza, John F. Kennedy, hadi uchaguzi wa mwaka 1960 kupata urais, na wakati wa kampeni alilazimika kuwahakikishia wapigakura kwamba hatapokea maagizo kutoka kwa Papa. Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo, Keith Ellison wa Minnesota, alishinda mwaka 2006. Alipoapa Januari 2007, alitumia nakala ya Kurani iliyokuwa mali ya Thomas Jefferson, Rais wa tatu, ambayo imehifadhiwa katika maktaba ya Bunge.

Lugha za taifa moja

Kwa zaidi ya karne mbili Marekani haikuwa na lugha rasmi katika ngazi ya Shirikisho, ingawa Kiingereza kilitumika katika shughuli zote za umma. Machi 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, takriban mtu mmoja kati ya watano wenye umri wa zaidi ya miaka mitano hutumia lugha nyingine nyumbani. Kihispania kinaongoza kwa wazungumzaji zaidi ya milioni 40, kikifuatiwa na Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu na Kiarabu.

Katika visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia wapo Wagullah, wazao wa Waafrika waliolima mpunga, ambao lugha yao ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa Kiingereza kibovu. Mtaalamu wa isimu Lorenzo Dow Turner, Mmarekani Mweusi, alichapisha mwaka 1949 utafiti uliothibitisha kwamba lugha hiyo ina maelfu ya majina na maneno yenye asili ya Afrika Magharibi na Kongo. Kazi hiyo ilibadili fikra za wasomi waliokuwa wakiamini kwamba utumwa ulifuta kila alama ya Afrika.

Tunu na utekelezaji

Mwandishi wa Azimio la Uhuru, Thomas Jefferson, alimiliki katika uhai wake watumwa zaidi ya 600. Katiba ya mwaka 1787 ilihesabu kila watumwa watano kuwa sawa na watu watatu katika kugawa viti vya Bunge, ingawa watumwa hao hawakuwa na kura. Utumwa ulikomeshwa kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yalitoa uraia kwa karibu kila aliyezaliwa nchini humo, na ya 15 ya mwaka 1870 yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Wanawake waliipata haki hiyo katika nchi nzima mwaka 1920.

Haki hizo ziliandikwa, kisha zikakanyagwa. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilihalalisha ubaguzi katika huduma kwa hoja kwamba watu wanaweza kutenganishwa ilimradi huduma ziwe sawa. Hazikuwa sawa. Shule, treni, hospitali na hata makaburi yalitenganishwa, na katika majimbo ya kusini mtu Mweusi aliyejaribu kupiga kura aliweza kupoteza kazi au maisha. Hoja hiyo ilitupwa na Mahakama hiyohiyo mwaka 1954 katika kesi iliyohusu shule, majaji wote tisa wakikubaliana. Mwaka uliofuata watu Weusi wa Montgomery, Alabama walianza kususia mabasi ya mji na kutembea kwa miguu kwa siku 381 hadi ubaguzi ndani ya mabasi ulipokoma. Maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti, 1963, ambako Dkt. Martin Luther King Jr. alihutubia watu wapatao 250,000, yalifuatiwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Ndoa nazo zilikuwa sehemu ya mvutano huo. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya na mama yake Mmarekani Mweupe, alizaliwa Hawaii mwaka 1961, wakati ambapo ndoa kama ya wazazi wake ilikuwa kosa katika majimbo mengi. Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria hizo mwaka 1967, majimbo 16 yakiwa bado yanazitumia. Mtoto wa ndoa hiyo alichaguliwa kuwa Rais mwaka 2008.

Waliobaguliwa hawakuwa watu Weusi pekee. Mwaka 1942, baada ya Japani kuishambulia Bandari ya Pearl, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia wa kuzaliwa, waliondolewa makwao na kuwekwa kambini bila mashtaka. Mwaka 1988 Serikali iliomba radhi kwa sheria ya Bunge na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000.

Mjadala unaendelea. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilizuia vyuo vikuu kutumia rangi kama kigezo cha kudahili wanafunzi. Wanaounga mkono wanasema sheria isitazame rangi hata kidogo. Wanaopinga wanasema haiwezekani kurekebisha madhara ya karne tatu kwa kujifanya hayapo. Januari 2025 utawala wa Rais Trump uliamuru kufutwa kwa programu za uanuwai katika taasisi za Shirikisho, na ukatoa amri ya kubana uraia wa kuzaliwa, ambayo ilipingwa mara moja mahakamani. Pande zote katika mabishano hayo zinadai kuitetea Katiba ileile.

Chungu kimoja au sahani nyingi

Wamarekani wenyewe hawajakubaliana mchanganyiko wao ufananishwe na nini. Mwaka 1908 tamthilia ya mwandishi Mwingereza Israel Zangwill ilieneza taswira ya chungu cha kuyeyushia, ambamo kila mhamiaji anaacha alichokuja nacho na kuwa Mmarekani. Mwaka 1915 mwanafalsafa Horace Kallen aliipinga taswira hiyo, akiifananisha nchi na okestra ambayo kila ala hubaki na sauti yake. Katika maisha halisi yote mawili hutokea. Mjukuu wa mhamiaji kwa kawaida hupoteza lugha ya babu yake, lakini vyakula, sikukuu na nyimbo za babu huingia katika maisha ya taifa zima. Muziki wa jazi ulizaliwa New Orleans kutokana na midundo ya Kiafrika, ala za Ulaya na nyimbo za kanisani. Pia Siku ya Shukrani, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba, huunganisha familia za dini na asili zote mezani, ingawa kwa baadhi ya wenyeji asilia ni siku ya maombolezo.

Kumbukumbu za taifa nazo zimepanuka. Sikukuu ya Martin Luther King Jr. iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kitaifa mwaka 1986, na tangu mwaka 2021 tarehe 19 Juni, siku ambayo mwaka 1865 watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru wao, ni sikukuu ya Shirikisho.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Uhusiano wa pwani ya Afrika Mashariki na Marekani ni wa zamani. Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa Marekani ulifunguliwa Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walileta kitambaa imara cha pamba, ambacho kutokana na asili yake kiliitwa merikani, na wakachukua pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka 1840 jahazi la Sultani lilitia nanga New York likiongozwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman.

Kiswahili nacho kimepata makazi huko. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vingi, na tangu mwaka 1966, Maulana Karenga alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa, Wamarekani Weusi wengi huadhimisha kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari misingi saba yenye majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Wengi wa mababu zao hawakutoka katika nchi za Kiswahili. Lugha hii ilichaguliwa kwa kuwa haikufungwa katika kabila moja.

Kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea pia maelfu ya Wasomali wenye asili ya Kibantu, wakiwemo Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanzania katika karne ya 19 na ambao wameitunza lugha yao hadi leo. Ndugu zao waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na kupata uraia wa Tanzania. Hivyo, ukoo mmoja una raia wapya katika mabara mawili.

Mambo ya kuzingatia

Mwananchi anayekusudia kwenda Marekani anashauriwa kufahamu mambo yafuatayo:

Kwanza, kura ni ya raia pekee. Sheria ya mwaka 1996 inamzuia asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa Shirikisho. Mwenye viza au kadi ya ukaazi wa kudumu akijiandikisha au kujitambulisha kuwa raia, hata kwa kujaza fomu ya leseni ya udereva bila kuisoma vizuri, anaweza kufukuzwa nchini.

Pili, sheria inamlinda mfanyakazi na mwombaji kazi dhidi ya ubaguzi wa rangi, dini, jinsi au asili ya taifa kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Malalamiko hupelekwa katika Tume ya Shirikisho ya Fursa Sawa za Ajira, na yana ukomo wa muda.

Tatu, malezi yana mipaka ya kisheria. Adhabu ya viboko inayomwachia mtoto alama inaweza kuwaleta maofisa wa ustawi wa jamii nyumbani, na familia ikafunguliwa shauri.

Nne, katika vyuo kunakili kazi ya mwingine bila kumtaja ni kosa linaloweza kumfukuzisha mwanafunzi, na mwanafunzi aliyefukuzwa hupoteza pia uhalali wa viza yake.

Tano, Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine hupoteza uraia wa Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, tofauti na Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Uamuzi huo ufanywe baada ya kupata ushauri wa Idara ya Uhamiaji.

Sita, masharti ya viza hubadilika mara kwa mara. Taarifa sahihi hupatikana katika Ubalozi wa Marekani na tovuti rasmi za Serikali ya nchi hiyo. Mtu anayedai fedha kwa ahadi ya kumhakikishia mwananchi ushindi katika bahati nasibu ya viza ni tapeli, na aripotiwe katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Jamii ya Marekani haiwezi kuelezwa kwa picha moja, iwe ya filamu au ya taarifa za habari. Anayekwenda huko atakutana na watu wa asili nyingi, wanaobishana waziwazi kuhusu haki zao na wanaotarajia mgeni naye afahamu haki na wajibu wake.